Neno Gumu na Fasili Yake: Historia ya Kujifunza Msamiati wa Juu wa Kiingereza

Utangulizi

Miongoni mwa njia zinazotumiwa kumwongezea mwanafunzi msamiati wa juu wa Kiingereza, ni chache zilizoenea kama ile ya kukariri neno pamoja na fasili yake. Mwanafunzi huandika orodha ya maneno magumu upande mmoja wa daftari, na upande wa pili huandika maana zake kama zilivyotolewa na kamusi; kisha hukariri orodha hiyo mpaka aweze kuitoa kwa ghibu. Wanaoisifu njia hii husema kwamba imewafikisha wengi vyuoni. Wanaoilaumu husema kwamba huzalisha wasemaji wa maneno makubwa wasiojua kuyaweka mahali pake. Aghalabu ubishi huo huendeshwa kana kwamba njia yenyewe haina historia.

Makala haya yanadhamiria kuifuata historia hiyo tangu mwisho wa karne ya kumi na sita. Itadhihirika kwamba fasili ya neno gumu la Kiingereza ilizaliwa ikiwa ni tafsiri, yaani maneno ya wenye elimu ya Kilatini yalielezwa kwa maneno ya watu wasioipata elimu hiyo. Kutokana na asili hiyo hufuata mambo mawili. Kwanza, fasili humfaa msomaji pale tu inapoandikwa kwa lugha aliyo nayo tayari. Pili, fasili tupu, isiyoambatana na matumizi, humpa msomaji nusu ya neno. Mambo haya mawili yaligunduliwa Uingereza, yakapuuzwa katika mitihani ya Marekani, yakagunduliwa upya Bengal na Japan, na yana uzito wa pekee katika Afrika ya Mashariki, ambako mwanafunzi amezoeshwa kupokea fasili kwa lugha ile ile ambayo bado anajifunza.

Asili ya maneno magumu

Kila lugha ina maneno yasiyojulikana na wasemaji wake wote. Katika Kiingereza, hata hivyo, ugumu huo umo ndani ya muundo wa msamiati wenyewe. Msemaji wa Kiswahili anayejua neno "jicho" hahitaji kamusi ili aelewe "ugonjwa wa macho" au "daktari wa macho". Mtoto wa Kiingereza anayejua 'eye', 'mouth' na 'moon' hapati msaada wowote akutanapo na 'ocular', 'oral' na 'lunar'. Nomino hizo ni za asili ya Kijerumani, na vivumishi vyake vimetoka katika Kilatini. Uhusiano wa maana upo, lakini uhusiano wa umbo haupo. Na palipokosekana uhusiano wa umbo, hapana budi pawepo mtu wa kueleza.

Sababu za hali hiyo zajulikana. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala na ya mahakama kwa muda mrefu. Baadaye, katika karne ya kumi na tano na ya kumi na sita, wanachuoni waliofufua elimu ya kale waliingiza maneno mengi ya Kilatini na Kiyunani. Kwa njia hiyo Kiingereza kikapata tabaka tatu za maneno kwa jambo moja: 'ask' la wenyeji, 'question' la Kifaransa, na 'interrogate' la Kilatini. Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hatashangazwa na jambo hili, kwani naye ana "uliza" la Kibantu, na "saili" na "hoji" yaliyotokana na Kiarabu. Na wachapishaji wa diwani za mashairi wamezoea kuweka sherehe mwishoni mwa kitabu ili kumsaidia msomaji asiyezoea lugha ya washairi.

Wingi wa maneno hayo ya kigeni ulizusha ubishi mkali. Wapinzani wake waliyaita maneno ya pembe ya wino, kwa kuwa waandishi wa wakati huo walitia wino wao katika pembe ya mnyama, na maneno hayo yalionekana kuwa yametoka humo wala si vinywani mwa watu. Thomas Wilson, katika kitabu chake cha balagha cha mwaka 1553, aliyadhihaki. Sir John Cheke alijaribu kutafsiri Injili ya Mathayo kwa maneno ya asili ya Kiingereza kadiri ilivyowezekana, akabuni mengine pale yaliyokuwepo yalipopungua. Jaribio lake halikufuatwa. Maneno ya kigeni yalibaki, na likabaki pia tatizo la wale ambao hawakuyaelewa.

Kamusi za maneno magumu

Mwaka 1582 mwalimu Richard Mulcaster alichapisha orodha ya maneno ya Kiingereza yapatayo 8,000, akahimiza pawe na mtu wa kuyakusanya maneno yote ya lugha hiyo katika kitabu kimoja. Orodha yake mwenyewe haikuwa na maana. Mwaka 1596 Edmund Coote, naye mwalimu, alitoa kitabu cha kusomea kilichokuwa na orodha ya maneno magumu pamoja na maelezo mafupi. Kisha, mwaka 1604, Robert Cawdrey akatoa mjini London kitabu kiitwacho A Table Alphabeticall, ambacho wanahistoria wengi wa leksikografia hukihesabu kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kilikuwa na maneno yapatayo 2,500, na nakala moja tu ya chapa ya kwanza ndiyo inayojulikana kuwepo, katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford.

Mambo matatu kuhusu kitabu hicho yastahili kuzingatiwa. La kwanza ni watu waliokusudiwa. Jalada lake lilitaja waziwazi kwamba kimeandikwa kwa faida ya mabibi, wake wa waungwana na watu wengine wasio na ujuzi, wapate kuelewa maneno magumu waliyoyasikia katika mahubiri na kuyasoma katika vitabu. Shule zilizofundisha Kilatini zilikuwa za wavulana. Msichana hata wa nyumba ya kitajiri aliweza kusoma Kiingereza vizuri na bado akafungiwa nusu ya vitabu vya Kiingereza, kwa sababu ufunguo wake ulikuwa Kilatini. Kamusi ya Cawdrey ilikuwa ufunguo wa pili.

La pili ni mpango wake. Cawdrey alilazimika kumweleza msomaji ajifunze mfuatano wa herufi kwanza, ili ajue kwamba neno lianzalo na herufi ya mwanzo litafutwe mwanzoni mwa kitabu, na lianzalo na herufi ya mwisho litafutwe mwishoni. Jambo ambalo leo hata mtoto wa shule ya msingi hulichukulia kuwa la kawaida lilikuwa bado ni elimu mpya.

La tatu, nalo ndilo kubwa kwa hoja ya makala haya, ni chimbuko la fasili zake. Cawdrey alichukua mengi kutoka kwa Coote na kutoka katika kamusi ya Kilatini na Kiingereza ya Thomas Thomas ya mwaka 1587. Neno la Kilatini lililofasiriwa na Thomas kwa Kiingereza lilivishwa umbo la Kiingereza, na tafsiri yake ikawa fasili. Aghalabu fasili hizo zilikuwa neno moja au mawili ya kawaida yaliyowekwa mbele ya neno geni. Kwa hiyo kamusi inayoitwa ya lugha moja ilikuwa, kwa asili na kwa kazi yake, kamusi ya lugha mbili: Kiingereza cha wanachuoni upande mmoja, na Kiingereza cha nyumbani upande wa pili.

Baada ya Cawdrey walifuata wengine. John Bullokar, tabibu, alitoa An English Expositor mwaka 1616. Henry Cockeram alitoa kitabu chake mwaka 1623, akakiita kwa jina la kamusi, The English Dictionarie. Cockeram alifanya jambo ambalo watangulizi wake hawakulifanya. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake ilieleza maneno magumu kwa maneno mepesi. Sehemu ya pili iligeuza mambo, ikachukua maneno mepesi na kumpa msomaji maneno makubwa ya kuyabadilisha. Hapo ndipo shabaha ya fasili ilipogeuka. Kwa Cawdrey fasili ilikuwa chombo cha kuelewa maneno ya wengine. Kwa Cockeram ikawa pia chombo cha kujipamba.

Matokeo ya kujipamba huko yalionekana upesi, na watunzi wa michezo ya kuigiza hawakuyaacha yapite. Kabla hata ya Cawdrey, Shakespeare alikuwa amemchora Dogberry, askari wa zamu katika Much Ado About Nothing, iliyochapishwa mwaka 1600, ambaye hutumia maneno makubwa kwa maana iliyo kinyume. Mwaka 1775 Richard Brinsley Sheridan alimleta jukwaani Bibi Malaprop katika The Rivals, na jina la mama huyo likawa istilahi ya kosa hilo lenyewe. Kicheko cha watazamaji hakikuwa cha upole. Wahusika hao wawili ni watu waliolitamani tabaka la juu bila ya kupewa malezi yake: mmoja askari wa mtaani, mwingine mwanamke. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini yafaa iulizwe pia ni nani aliyelifanya debe liwe tupu.

Fasili yapata ushahidi

Kamusi za maneno magumu ziliendelea kunenepa. Glossographia ya Thomas Blount ya mwaka 1656 ilikuwa na maneno yapatayo 11,000. Hata hivyo kamusi hizi hazikuwa na maneno ya kawaida, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba hakuna ayahitajiye. Mwaka 1702 ilitoka kamusi, ambayo kwa kawaida hunasibishwa na John Kersey, iliyoingiza maneno ya kila siku, na mwaka 1721 Nathan Bailey akatoa kamusi ya maneno yapatayo 40,000 pamoja na asili zake.

Kazi iliyobadilisha leksikografia ya Kiingereza ni ile ya Samuel Johnson, iliyotoka mwezi wa Aprili mwaka 1755 ikiwa na vidahizo zaidi ya 42,000. Johnson alikutana na tatizo ambalo kila mtunga kamusi hukutana nalo, akalieleza katika dibaji yake: ili jambo lielezwe, lazima yapatikane maneno yaliyo mepesi kuliko lile linaloelezwa, na maneno hayo hayapatikani daima. Yeye mwenyewe aliponzwa na tatizo hilo. Alipofasili neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kilichofumwa kama wavu, alitumia maneno ya asili ya Kilatini ambayo msomaji wa kawaida hangeyaelewa hata kidogo, na fasili hiyo imekuwa mfano maarufu wa fasili iliyo ngumu kuliko neno lake.

Lakini Johnson aliambatanisha fasili zake na dondoo zipatazo 114,000 kutoka kwa waandishi wa Kiingereza. Hapo msomaji hakuambiwa maana tu. Alionyeshwa neno likiwa kazini. Aliweza kuona ni nani huitwa kwa kivumishi fulani, na ni kitu gani hutendwa kwa kitenzi fulani. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, iliipanua njia hiyo hiyo. Kufikia hapo ilikuwa imekwisha kudhihirika kwa watunga kamusi kwamba fasili bila ya ushahidi wa matumizi ni kazi isiyotimia.

Sababu yake inaweza kuonyeshwa kwa mfano wa Kiswahili. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiambiwa kwamba "kufariki" ni "kufa", atasema bila ya kusita kwamba mbuzi wake wamefariki. Fasili haikumdanganya, imemnyima tu habari kwamba kitenzi hicho ni cha heshima na kwamba hutumiwa kwa binadamu. Mwaka 1987 wanasaikolojia George Miller na Patricia Gildea walieleza tabia ya namna hiyo kwa watoto wa Marekani waliopewa fasili za kamusi na kutakiwa watunge sentensi. Mtoto huchagua sehemu ya fasili anayoielewa, huitungia sentensi, kisha huondoa sehemu hiyo na kupachika neno jipya mahali pake. Sentensi inayotoka huwa haina kosa kwa mantiki ya mtoto, na huwa ni kichekesho kwa msemaji mzoefu.

Fasili yaingia katika mtihani

Pamoja na ujuzi huo wote, karne ya ishirini ilishuhudia fasili tupu ikirudi kwa nguvu nchini Marekani. Mwezi wa Juni mwaka 1926 ulifanywa kwa mara ya kwanza mtihani wa SAT wa kuwachuja waombaji wa vyuo, uliotungwa chini ya uongozi wa Carl Brigham wa Chuo Kikuu cha Princeton. Miongoni mwa sehemu zake ilikuwamo ya fasili, na nyingine ya maneno yenye maana sawa au kinyume. Neno moja lilisimama peke yake, na mtahiniwa akatakiwa alitafutie mwenziwe.

Mwaka 1934 Johnson O'Connor, aliyekuwa akipima vipawa vya wafanyakazi, aliandika katika jarida la The Atlantic Monthly kwamba wingi wa msamiati huandamana na mafanikio ya mtu kazini. Wachapishaji waliona soko. Wilfred Funk na Norman Lewis walitoa mwaka 1942 kitabu kilichoahidi msamiati wenye nguvu zaidi katika siku 30. Mwaka 1945 Funk akaanzisha katika Reader's Digest ukurasa wa kumpima msomaji maneno, na mwaka 1949 Lewis akatoa Word Power Made Easy, kitabu kilichopanga maneno kufuata mizizi yake ya Kilatini na Kiyunani na ambacho kiliendelea kuuzwa sana, hasa Bara Hindi.

Vitabu hivi havikuwa bure. Mpango wa Lewis wa kufuata mizizi ulimrudishia msomaji asiyesoma Kilatini sehemu ya uhusiano wa umbo ambao Kiingereza kilikuwa kimeupoteza. Kosa lilikuwa katika hoja iliyovibeba. Kwamba watu waliofanikiwa wana maneno mengi hakuthibitishi kwamba maneno yao ndiyo yaliyowafanikisha. Mwanachuoni huvaa kilemba, lakini hakuna aliyepata uanachuoni kwa kukinunua. Maneno mengi huja kwa kusoma mengi, kwa kazi ya namna fulani, na kwa kuzungumza na watu wa namna fulani. Kuyakusanya maneno bila ya mambo hayo ni kukusanya dalili na kuacha sababu.

Watunga mitihani wenyewe walilikubali jambo hilo polepole. Maswali ya vinyume yaliondolewa katika SAT mwaka 1994, na yale ya milinganisho ya maneno mwaka 2005. Na tangu mwaka 2016 neno huulizwa ndani ya kifungu cha habari. Mtihani wa GRE, unaofanywa na wanaotaka shahada za juu, uliacha vinyume na milinganisho mwaka 2011. Kwa muda wa miaka themanini hivi, hata hivyo, vijana walikuwa wamekwisha kufundishwa kwamba kujua neno ni kujua kisawe chake.

Fasili kwa ajili ya wageni

Wakati Marekani ikihesabu maneno magumu, walimu wa Kiingereza barani Asia walikuwa wakiuliza swali la msingi zaidi: mwanafunzi asiyejua Kiingereza atawezaje kusoma fasili ya Kiingereza? Michael West, aliyefundisha Bengal na kuongoza chuo cha walimu mjini Dacca, alijibu kwa hesabu. Mwaka 1935, akishirikiana na James Endicott, alitoa kamusi iliyoeleza maneno na nahau zipatazo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Msomaji aliyekwisha kuyajua maneno hayo machache aliweza kuufungua mlango wa maneno yote mengine. C. K. Ogden naye alikuwa ametangaza mwaka 1930 Kiingereza chake cha maneno 850, na mwaka 1940 ikatolewa kamusi iliyoandikwa kwa msingi huo.

Harold Palmer na A. S. Hornby, waliofanya kazi Japan, walishughulikia upande wa pili wa tatizo, yaani matumizi. Kamusi ambayo Hornby aliitunga pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, na ikatolewa upya na Oxford mwaka 1948. Humo msomaji alielezwa ni nomino ipi huhesabika na ipi haihesabiki, na kila kitenzi huingia katika ruwaza gani ya sentensi. Kamusi hiyo na wajukuu wake zimekaa katika madawati ya shule za Afrika ya Mashariki kwa vizazi kadhaa.

Hatua mbili zilizofuata zilikamilisha kazi hiyo. Mwaka 1978 kamusi ya Longman ya wanafunzi ilizifuata nyayo za West, ikafasili maneno yake kwa msamiati wa maneno yapatayo 2,000. Mwaka 1987 kundi la John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham lilitoa kamusi ya COBUILD, iliyotungwa kutokana na hazina kubwa ya matini zilizohifadhiwa katika kompyuta, na ambayo kila fasili yake iliandikwa kama sentensi kamili. Neno lilielezwa likiwa limekaa mahali pake pa kawaida, na mtendaji wake na mtendwa wake. Hivyo miaka 383 baada ya Cawdrey, fasili na mfano wa matumizi vilikuwa vimekuwa kitu kimoja.

Afrika ya Mashariki na lugha ya fasili

Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1957, mpango uliojulikana kama New Primary Approach ulianza kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaunga mkono mwelekeo huo. Katikati ya miaka hiyo, mwezi wa Januari mwaka 1961, ulifanyika Makerere nchini Uganda mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake Linguistic Imperialism cha mwaka 1992, aliyachambua mawazo yaliyoimarishwa na mkutano huo, akaliweka mbele lile la kwamba Kiingereza hufundishwa vema zaidi kwa Kiingereza peke yake. Phillipson aliliita wazo hilo kuwa ni udanganyifu.

Matokeo yake darasani yanajulikana. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza mwaka 1986 adhabu na fedheha zilizompata mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao katika uwanja wa shule. Mtoto aliyeogopa kusema lugha yake hakuweza kuuliza kwa lugha hiyo maana ya neno. Alipewa kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, akakuta neno asilolijua likielezwa kwa maneno matatu asiyoyajua. Lililobaki ni kukariri. Ukariri unaolaumiwa sana na walimu haukutokana na uvivu wa mwanafunzi. Ulikuwa njia pekee iliyoachwa wazi.

Historia iliyoelezwa hapo juu yaonyesha jinsi katazo hilo lilivyo la ajabu. Waingereza wenyewe walipokuwa na tatizo hilo katika karne ya kumi na saba, hawakumwambia bibi wa nyumbani ajifunze maneno ya Kilatini kwa kuelezwa kwa Kilatini. Walimweleza kwa lugha yake. Utafiti wa miaka ya karibuni nao umeelekea huko: Batia Laufer na mwenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maneno ya Kiingereza yaliyoelezwa kwa lugha ya kwanza ya wanafunzi yalikumbukwa vizuri zaidi kuliko yaliyoelezwa kwa Kiingereza.

Kiswahili kina uwezo wa kuifanya kazi hiyo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1935 ilithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kujifasili chenyewe, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1981, ikalithibitisha jambo hilo kwa mikono ya wenyewe. Mwaka 1996 taasisi hiyo hiyo ilitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Kuanzia mwaka 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la kutahiniwa nchini Kenya, kila mwanafunzi amekuwa na lugha ya pili ya Kiafrika iliyosanifiwa, ambayo kwayo neno geni laweza kuelezwa.

Hata hivyo onyo la "kufariki" halina budi likumbukwe hapa pia. Chukua kitenzi 'ostracize'. Mwanafunzi akiandikiwa "tenga", ataelewa upesi kuliko angeandikiwa fasili ndefu ya Kiingereza. Lakini "tenga" la Kiswahili hutumika pia kwa fedha zilizotengwa katika bajeti na kwa chakula kilichotengwa mezani, na mwanafunzi atasema kwa Kiingereza kwamba serikali imezifanyia fedha kitendo hicho. Kisawe kimoja hakitoshi. Akiandikiwa kwamba jamii au kikundi cha watu kinapomtendea mtu hivyo humtenga, hukataa kusema naye na kushirikiana naye, ameonyeshwa mtendaji, mtendwa na kitendo. Hiyo ni fasili ya Kiswahili, kwa maneno ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anayo, na yenye umbo ambalo Sinclair aliliona kuwa lafaa kwa Kiingereza.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kujifunza msamiati wa juu kwa njia ya fasili si kosa kwa asili yake. Njia hiyo iliwafungulia vitabu watu waliofungiwa, na hakuna msomaji wa Kiingereza, mwenyeji au mgeni, aliyeweza kuiepuka kabisa. Iliharibika mara mbili: ilipotenganishwa na matumizi, ikazaa akina Malaprop wa jukwaani na wa vyumba vya mitihani, na ilipotenganishwa na lugha ya msomaji, ikazaa ukariri.

Kwa wanaisimu na watunga kamusi wa Afrika ya Mashariki, basi, kazi iliyo mbele ni ya wazi. Hesabu aliyoifanya West kwa Kiingereza haina budi ifanywe kwa Kiswahili, ili ijulikane ni maneno mangapi ya kawaida, na ni yapi, yanayotosha kuelezea mengine. Na fasili zitakazoandikwa kwa maneno hayo zionyeshe neno la Kiingereza likitumika katika sentensi kamili. Mwalimu wa Kiingereza naye hana sababu ya kuona haya kumwambia mwanafunzi maana kwa Kiswahili, na kisha kumtaka alitumie neno hilo kwa Kiingereza kabla ya kipindi kwisha. Cawdrey aliwaandikia watu ambao shule za nchi yao ziliwaacha nje. Wako wanafunzi wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania ambao wamo ndani ya darasa na bado wako nje ya vitabu vyao.